Ukitoka Jeshini, Mtafute Aliyekuona Ukifanya Kazi

Juma lililopita koplo mmoja aliyebakiza miezi saba kabla ya kukabidhi sare aliniandikia kutoka Gilgil. "Habari za siku nyingi, afande," alisema, "naomba uniunganishe na mkubwa yeyote unayemjua huko Nairobi, nipate pa kuanzia." Niliusoma ujumbe huo mara kadhaa kabla ya kujibu, kwa sababu mwaka wa 2019, nilipostaafu nikiwa sajenti baada ya miaka 21 ya utumishi, niliandika maneno kama hayo na kuyatuma kwa watu 14, wote wakiwa wanajeshi au waliowahi kuwa wanajeshi.

Tegemeo langu kubwa lilikuwa afisa mmoja ambaye nilimhudumia katika bohari ya kambi kwa miaka minne. Alikuwa amestaafu kabla yangu na kupata nafasi nzuri katika kampuni moja huko Upper Hill. Nilipompigia mara ya kwanza alipokea, akanitaka nimtumie wasifu wangu. Tangu siku hiyo simu yake iliita tu. Asubuhi moja nilifika ofisini kwao saa mbili, nikakaa mapokezi hadi saa saba mchana, nikamwona akitoka kwenye lifti na wageni wake, akaniona, akanipungia mkono na kuendelea na safari yake. Jambo hilo linaniuma hadi leo, wala sitaki kujifanya limekwisha. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba mtu yule alinijua kwa saluti zangu na kwa chai iliyofika mezani kwa wakati, lakini hakuwahi kusimama karibu nami nikiwa kazini, na kwa hiyo, hata angetaka kunitetea mbele ya mwajiri, hakuwa na la kusema.

Miezi minane iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Nilitembea Enterprise Road, kwenye eneo la viwanda la Nairobi, na bahasha ya kaki, walinzi wa getini wakapokea karatasi zangu, na kiinua mgongo kikaendelea kupungua.

Aliyenifungulia njia nilikutana naye katika kituo cha matatu cha Githurai, jioni ya siku ya kazi, tukiwa kwenye foleni. Alikuwa msimamizi wa malori wa mfanyabiashara aliyekuwa akileta vyakula kambini, na aliniita kwa jina ambalo sikujua kuwa ninalo: "Afande wa mizani." Akanikumbusha siku ambayo dereva wake alileta magunia 200 ya maharagwe, nami nikasisitiza kuyapima moja baada ya jingine, juani, hadi nikapata magunia tisa yaliyopungua. Dereva alinisihi nitie sahihi yaishe. Nilikataa, lakini sikumfukuza. Niliandika uzito wa kila gunia nyuma ya hati ya mzigo, nikaeleza kwamba mishono ya yale tisa ilikuwa ya uzi wa rangi tofauti, nikampa nakala aende nayo. Kumbe karatasi ile ndiyo iliyomwokoa dereva na kumwonyesha msimamizi kwamba magunia yalikuwa yakifunguliwa ndani ya ghala lao wenyewe, kabla hata ya kupakiwa. Mimi nilikuwa nimeshasahau, naye alikuwa ameikumbuka kwa miaka mitatu.

Hakunipa kazi, kwa maana hakuwa na uwezo huo. Aliniambia kwamba ghala moja karibu na Mombasa Road linatafuta msimamizi wa mapokezi ya bidhaa, akanieleza kwamba kinachomkosesha mwenye ghala usingizi ni mali inayopotea kati ya geti na rafu, na akakubali jina lake liandikwe miongoni mwa watu wa kutoa ushuhuda juu yangu. Pia alinitaka nifute vifupisho vyote vya kijeshi katika wasifu wangu, kwa kuwa havikumwambia raia lolote. Siku ya mahojiano nilieleza kwa lugha nyepesi jinsi tulivyofikisha maji na chakula wakati wa Operesheni Linda Nchi, jeshi la Kenya lilipoingia Somalia kupambana na al-Shabaab, iliyoanza Oktoba 2011 mvua zikiwa zimegeuza barabara kuwa tope, na jinsi unavyopanga mzigo ukijua kwamba lori linaweza kukwama siku mbili. Sikutaja vikosi wala kuonyesha picha, na ninakusihi nawe usifanye hivyo; kiapo hakiishi siku unayokabidhi sare.

Ndugu yangu unayejiandaa kutoka, usingoje uwe raia ndipo uanze kutafuta watu. Wakumbuke waliokuona ukifanya kazi: msambazaji, fundi wa kampuni iliyokuja kutengeneza jenereta, mhandisi mliyechimba naye kisima wakati wa ukame. Usimwombe mtu kama huyo kazi, maana ukimwomba kazi asiyokuwa nayo ataona haya na kuacha kupokea simu zako. Mwombe nusu saa akueleze kampuni yao huajiri wakati gani, nani husoma maombi, na nini huwashinda, kisha mrudie baada ya wiki chache umweleze ulivyotumia ushauri wake. Watu wengi hulegea hapo pa kurudi, nami nasema bila kusita kwamba huo ni utovu wa shukrani.

Karatasi nazo ziwe tayari, kwa sababu anayekutetea huaibika ukiitwa ukakosa cheti. Cheti cha mwenendo mwema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha alama za vidole huchukuliwa katika Huduma Centre au makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Kiambu Road. Kama wewe ni fundi wa magari au umeme, fanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, maana mwajiri anaijua daraja ya NITA kuliko kozi ya kambini. Anayeelekea kwenye ulinzi asidhani cheo kinatosha. Sheria ya 2016 ya huduma za ulinzi wa kibinafsi inadai mafunzo na usajili.

Yule koplo nilimjibu kwamba kabla sijamtajia mkubwa yeyote, aniletee majina kumi ya watu waliowahi kumwona kazini, na mbele ya kila jina aandike walichokiona. Juzi aliniletea orodha: wanane ni wanajeshi, wa tisa ni binamu yake, na wa kumi ni fundi wa majokofu wa Nakuru ambaye alifanya kazi naye usiku kucha nyama ya kambi isiharibike. Nimemrudishia orodha nikiwa nimepiga mstari chini ya jina la fundi huyo, na nimemwambia ampigie kabla ya Ijumaa.