Kabla hujafunga pistoni za kompresheni kubwa kwenye gari la porini

Injini ya kwanza niliyoifunga pistoni za kompresheni kubwa ilidumu miezi mitatu. Kwenye boksi paliandikwa 9.5 kwa 1, nami nikaamini hiyo ndiyo niliyofunga. Nilipoifungua tena nilikuta pistoni ya silinda ya tatu imemeguka ule ukuta mwembamba ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili, na vipande vyake vimekwaruza silinda toka juu hadi chini. Nilimlaumu aliyeniuzia. Baadaye nilipokaa kupima, nikakuta kompresheni halisi ilikuwa 10.4.

Wewe unayeanza kazi hii, naomba uifuate hesabu hiyo taratibu, maana ndiyo itakayokuokoa. Kompresheni hupatikana kwa kuchukua ujazo wote wa silinda pistoni ikiwa chini kabisa, ukaugawa kwa ujazo unaobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Silinda zangu zilikuwa na kipenyo cha mm 92 na pistoni ilitembea mm 90, yaani cc 598. Ili nipate 9.5, juu palitakiwa kubaki cc 70.4. Lakini hedi ilikuwa imeshapunguzwa mm 0.5 na fundi aliyenitangulia, uso wa bloku ulisawazishwa mm 0.3, na gasketi mpya ilikuwa nyembamba kuliko ya awali kwa mm 0.3. Kila kimoja ukikitazama peke yake unakiona kidogo. Kwa pamoja vilikula karibu cc 7, zikabaki 63.6. Namba ya kwenye boksi ilihesabiwa kwa injini ambayo hedi na bloku yake havijawahi kuguswa, na injini ya namna hiyo huletwa gereji mara chache sana.

Kwenye gari la porini kosa hili linauma zaidi kuliko kwenye gari la lami. Gari la lami likivuta kwa nguvu, upepo unapita kwenye rejeta. La kwako litapanda kilima cha mawe kwa gia ya kwanza ya nguvu, injini inalia, mwendo ni wa mtu anayetembea, na kinachopooza ni feni peke yake. Halafu lipo mbali, na petroli uliyonayo ni ile uliyoipata njiani. Land Rover za zamani za petroli za lita 2.25 zilitoka kiwandani na 7 kwa 1, baadaye 8 kwa 1, na ile ya 7 ilikubali hata petroli ya oktani (uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kujilipua) ya chini kabisa. Ukitoka 8.5 ukaenda 10, nadharia inakupa takribani asilimia 5 zaidi ya kazi kutoka kwenye petroli ile ile. Ni faida ya kweli, naipenda na bado naifunga. Lakini ni asilimia 5, kwa hiyo usiilipie kwa bloku nzima.

Kinachoua ni mchanganyiko wa hewa na petroli kujilipua wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Gereji tukisema injini imenoki huwa tunamaanisha imekufa, beringi zimekatika au konrodi imetoboa bloku. Hapa nazungumzia mlio wa kugonga ndani ya silinda, unaosikika kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Porini huusikii vizuri, kwa sababu mawe halisi yanagonga chini ya gari wakati huo huo. Mimi sikuusikia hata mara moja.

Basi pima. Igeuze hedi uso juu, valvu na plagi zikiwa mahali pake. Paka grisi nyembamba kuzunguka chemba, yaani shimo la hedi ambamo petroli huwaka, funika kwa kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha ndani, chenye tundu dogo pembeni. Inamisha hedi kidogo ili tundu liwe upande wa juu, kisha jaza mafuta ya taa kwa byureti au bomba la sindano mpaka kiputo cha mwisho cha hewa kitoke. Andika cc zilizoingia. Rudia kwa kila chemba. Zikitofautiana, zisawazishe kabla ya jambo lingine lolote.

Pistoni nayo hupimwa ikiwa ndani ya silinda. Ishushe mpaka ukingo wake uwe mm 10 chini ya uso wa bloku, ziba pembeni kwa grisi, funika na ujaze. Kwa kipenyo cha mm 92, nafasi tupu ya kina hicho inachukua cc 66.5. Zikiingia 58, ujue nundu ya pistoni imechukua 8.5. Gasketi uihesabu kwa unene wake ikiwa imeshakazwa, na njia rahisi ni kupima iliyotumika ya aina ile ile.

Kisha udongo wa kuchezea watoto, wa kupimia nafasi iliyopo kati ya pistoni na valvu. Bandika kipande juu ya pistoni mahali valvu zinaposhukia, pakaa oili kidogo usigande, rudisha hedi na gasketi iliyokwisha kukazwa, funga kamshafti kwenye alama zake, na uzungushe krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, simama hapo hapo, usiisukume. Fungua, kata udongo kwa wembe, upime palipo pembamba. Valvu ya kuingiza nataka iwe na mm 2, ya kutolea 2.5, kwa sababu hiyo ya kutolea inafukuzwa na pistoni inayopanda na pia inarefuka kwa joto. Kati ya pistoni na hedi isipungue mm 1. Jioni nzima itaisha kwenye udongo huu, nami sijawahi kuijutia.

Pistoni zifike mkononi kabla silinda hazijachongwa. Za kufuliwa zinatanuka kuliko za kumiminwa, hasa zenye silikoni kidogo, kwa hiyo mchongaji afuate nafasi iliyoandikwa na mtengenezaji wa pistoni hizo, asitumie ile ya kitabu cha injini. Ringi uziingize silindani moja moja, uzisukume kwa kichwa cha pistoni zikae sawa, kisha upime pengo kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa kipenyo cha mm 92 naanzia mm 0.4 kwenye ringi ya juu. Pengo likiwa dogo, ncha zitakutana siku ya joto na ringi itameguka. Piga tupa ncha moja tu, ukivuta kutoka nje kwenda ndani.

Uzito uwe sawa pistoni kwa pistoni. Kama ni V8 na pistoni mpya zina uzito tofauti na za zamani, krenki ipelekwe kubalansiwa upya.

Ikishawaka, usiiache isailensi, yaani ingurume gari limesimama bila mzigo, kwa muda mrefu. Ringi zinahitaji mzigo wa kupanda na kushuka ili zikae. Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita mia chache. Taiming, yaani wakati plagi inapowasha, ianze nyuma ya ile ya zamani kwa digrii 2 au 3, na plagi ziwe baridi kwa hatua moja, yaani aina inayotoa joto haraka zaidi. Tafuta kilima kimoja kirefu, ukipande kwa gia unayoitumia porini injini ikiwa na joto kamili, na petroli mbaya kuliko zote unazotarajia kuitumia. Juu ya kilima zima, ngoja zipoe, toa plagi na uzitazame porseleni kwa lenzi. Ukiona vitone vidogo vyeusi au vinavyong'aa kama vumbi la alumini, rudisha taiming digrii 2 nyingine, weka plagi mpya, na upande kilima kile kile tena.