Bampa ililipwa, shingo haikulipwa

Juzi msomaji mmoja aliniandikia. Asubuhi hiyo aligongwa na gari kwa nyuma, gari lake limebonyea kidogo tu, lakini shingo imeanza kumuuma. Aende hospitali au asubiri ipoe yenyewe? Nilimjibu kabla sijafika mwisho wa ujumbe: nenda leo hii. Kisha nikaweka simu chini. Swali hilohilo niliwahi kujiuliza mimi, nikalijibu vibaya.

Nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu nilipogongwa. Dereva alishuka, akaniomba radhi mara tatu na kukiri kosa ni lake. Nikamwamini. Hatukuita polisi. Nyuma yetu watu walipiga honi, nikaona haya kuziba njia, nikasogeza gari pembeni bila kupiga picha hata moja. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kuvuka barabara aliona kila kitu. Alinishika mkono akaniuliza kama nimeumia. Nikasema mimi mzima. Namba yake ya simu sikuiomba, na hadi leo sijui ni nani.

Kesho yake shingo ilikaza. Siku ya tatu sikuweza kugeuza kichwa. Shingo iliyotikiswa kwa nguvu ina tabia hiyo: maumivu huweza kuchelewa siku nzima au zaidi. Nikameza dawa za maumivu, nikaendelea na kazi. Hospitali nilifika siku ya tisa, na hata hapo nilimwambia daktari shingo inauma, sikumwambia nimegongwa. Akaandika alichosikia.

Miezi ilipita nikibembeleza fidia. Barua ya bima ilipokuja, niliisoma nimesimama. Dereva yule aliyeomba radhi sasa alidai mimi ndiye niliyerudi nyuma. Karatasi ya hospitali haikutaja ajali. Kuhusu zile siku tisa, waliuliza watajuaje kama sikuumia kwingine. Nikakimbilia duka lililokuwa na kamera pale kwenye taa. Picha za wiki zile zilikuwa zimeshafutika, kwa sababu kamera hizo hurekodi upya juu ya za zamani. Mwishowe walikubali kulipia bampa peke yake. Kuitwa mwongo kwa lugha ya heshima bado kunaniuma kuliko shingo yenyewe.

Ndugu yangu, anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Mahakamani madai ya aina hii hupimwa kwa mizani ya uwezekano: je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ilitokea unavyosema? Si lazima uondoe kila shaka, lakini lazima uwe na kitu cha kuweka kwenye mzani. Na anayeshughulikia dai lako hakujui. Anasoma karatasi tu.

Kwa hiyo piga picha kabla magari hayajasogezwa, kama ni salama kufanya hivyo: alama za breki, vioo barabarani, namba za magari, taa. Ita polisi hata kama mwenzako analia. Omba namba za mashahidi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari umegongwa, lini na vipi. Narudia, mwambie. Tunza risiti za dawa na nauli, na hati zinazoonyesha mshahara uliokosa. Usisaini karatasi ya kumaliza madai wakati hujui jeraha litakufikisha wapi. Mimi nilianza kuandika maumivu yangu kila siku kwenye daftari mwezi wa tatu baada ya kugongwa. Wakili alisema lingeanza siku ya kwanza lingesaidia sana.

Usione haya kuziba njia. Wanaopiga honi hawatakulipia matibabu.

Jana usiku yule msomaji alinitumia picha ya karatasi yake ya hospitali. Mstari wa kwanza daktari ameandika: amegongwa na gari kwa nyuma leo asubuhi.