Uliza Ujibiwe: Nyumba itazame wapi, kitanda kikae wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu feng shui, elimu ya Wachina ya kupanga makazi. Maana ya jina hilo ni upepo na maji. Tumejibu nne.

SWALI: Nina kiwanja Kigamboni, bahari iko mashariki. Nimesoma kwamba nyumba ya feng shui hutazama kusini, lakini fundi anataka itazame baharini. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Msikilize fundi, ila usimwachie kila kitu. Kwa Wachina kanuni ya kusini ina sababu inayoonekana kwa macho. Beijing iko nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta: jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, na majira ya baridi upepo mkali hutoka kaskazini. Nyumba huupa upepo kisogo na jua uso, nayo hupata joto. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua huwa upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba, kisha huhamia kusini. Tena anayejenga Kigamboni hatafuti joto, anatafuta ubaridi.

Kwa hiyo chukua shabaha ya kanuni, achana na herufi yake. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, takriban Mei hadi Septemba. Kuta ndefu ziwe za kaskazini na kusini, fupi za mashariki na magharibi, maana jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalopiga ukuta uso kwa uso. Baraza litazame bahari hata kama liko kwenye ukuta mfupi. Kila chumba cha kulala kipate madirisha kwenye kuta mbili. Kwenye dirisha moja upepo unagonga tu, hauna pa kutokea. Magharibi weka stoo na bafu.

Nyuma ya nyumba Wachina hutaka mlima, na mbele maji. Wewe panda miarobaini, mita 5 au zaidi kutoka msingi ili mizizi isisumbue. Hiyo ndiyo itakayokukinga na jua la saa kumi. Maji ya mbele unayo tayari, na hiyo ni neema.

Ukipima mwelekeo kwa simu, jitenge na gari, mabati na hasa nondo zilizolundikwa kiwanjani, kwa sababu chuma huvuta dira. Izungushe simu kama unayeandika 8 hewani, kisha pima sehemu tatu. Vipimo vikipishana zaidi ya nyuzi 5, sogea urudie. Luopan, dira ya wataalamu wa Kichina, imegawanywa sehemu 24 za nyuzi 15 kila moja, kwa hiyo kosa la nyuzi 10 linaweza kukutupa sehemu ya jirani.

SWALI: Chumba changu ni futi 10 kwa 10, mlango uko konani. Nikilala miguu inaelekea mlangoni, na wifi yangu anasema ni mkosi. Kitanda ni futi 4 kwa 6.
*Mama Wawili, Mombasa*

JIBU: Dada, usihofu. Wachina hulifananisha lalo hilo na jeneza, kwa kuwa maiti hutolewa miguu ikitangulia. Wanachotaka ni ulale ukiuona mlango bila kuwa kwenye mstari wake, na hilo lina faida: mtu asiyeona anayeingia hushtukashtuka usingizini.

Kichwa cha kitanda kiegemee ukuta unaokabiliana na mlango, lakini ukisogeze kitanda upande wa pili wa chumba. Acha futi 2 kati yake na ukuta wa pembeni. Kitanda kitaishia kwenye futi ya 6, na mlango wa futi 3 unaanzia kwenye futi ya 7. Umetoka mstarini, na bado una njia ya kuchomekea chandarua pande zote. Kabati lenye kioo likikitazama kitanda, lifunike kwa kanga usiku. Uvunguni toa masanduku na magunia: pwani kuna unyevu, na godoro lisilopata hewa chini huota ukungu.

SWALI: Ofisini nimekaa nimeupa mlango mgongo, na meza haihamishiki.
*Karani, Dodoma*

JIBU: Bandika kioo kidogo cha mbinuko, upana wa sentimita 8 hivi, kwenye kona ya juu ya kompyuta, ukielekeze mlangoni. Tafuta kiti chenye mgongo mrefu. Siku meza ikihamishika, igeuze robo duara ili mlango uwe ubavuni, na dirisha lisiwe nyuma ya skrini wala nyuma yako.

SWALI: Nina duka. Nimeshauriwa ninunue chura wa miguu mitatu na chemchemi ya umeme ili pesa zije. Ni lazima?
*Mfanyabiashara, Tanga*

JIBU: Chura si lazima, na kama imani yako inakataza sanamu, mwache bila wasiwasi. Tazama mpangilio kwanza. Mlango wa mbele na wa nyuma vikikabiliana, chi, yaani nguvu ya uhai, hupita bila kutua, na mteja naye hufanya hivyohivyo. Weka rafu ya kimo cha kiuno katikati, kwa mshazari, ukiacha njia ya sentimita 90 kila upande. Katika jengo la benki ya HSBC la Hong Kong, lililokamilika 1985, ngazi za umeme ziliwekwa mshazari kwa ushauri huohuo. Kaunta ya pesa ikae ndani zaidi, mkabala wa mlango kwa pembe, nyuma yako pawe na ukuta.

Chemchemi ukiitaka, ielewe: umeme ukikatika maji yanatuama, na maji yaliyotuama ni mabaya hata katika feng shui. Kwenye joto la Tanga yai la mbu linaweza kuwa mbu mzima ndani ya wiki moja hivi. Yamwage na kusugua bakuli mara mbili kwa wiki. Kama huna nafasi hiyo, usinunue.