"Hofu ya ushoga" na neno "kulawiti"

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Ijumaa iliyopita mume wangu alirudi msikitini akiisifu hotuba ya imamu wetu juu ya kaumu Lut, wale watu wa Sodoma. Kijana wetu aliye chuo kikuu akasema hotuba za namna hiyo ni "homofobia". Babake akamuuliza Kiswahili chake, naye akajibu "hofu ya ushoga". Mume wangu akasema imamu hamwogopi mtu, na maneno yakawa mengi hadi chakula kikapoa. Hiyo ndiyo tafsiri yake? Na je, ni sawa kumwita imamu hivyo?
Mama wa Likoni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, mama yangu. Hapana, hiyo si tafsiri ya kutegemewa, na mumeo ana haki ya kuikataa. La imamu nitalijibu mwisho, maana njiani pana jambo ambalo siwezi kulipita.

Asili ya neno ni fupi. Aliyelieneza ni George Weinberg, mtaalamu wa saikolojia wa New York, katika kitabu chake cha 1972, ingawa lilikuwa limeshachapwa Marekani tangu 1969. Alichukua neno la Kigiriki la hofu, kwa kuwa aliwaona hata wenzake wa fani wakishindwa kukaa karibu na watu wanaopenda wa jinsia yao. Kwa hiyo alikuwa akitaja maradhi ya nafsi. Baadaye neno likapanuka, likawa jina la chuki, la ubaguzi, la kipigo, la sheria na la mahubiri. Wenye Kiingereza chao wenyewe hawajatulia nalo: mwaka 2012 shirika la habari la Associated Press liliwashauri waandishi wake wasilitumie katika habari za siasa na jamii, kwa sababu fobia ni ugonjwa na mwandishi si daktari.

Sasa mtafsiri wetu akaichukua ile hofu na kuileta Pwani kama ilivyo. Kwetu hofu, inapohusu dini, ni sifa. Mtu mwema ni mwenye hofu ya Mungu, mcha Mungu. Ukimwambia mhubiri kwamba ana hofu ya ushoga, atakuitikia kwamba ndiyo, auogopa kama anavyouogopa moto wa Jahanamu. Ulitaka kumlaumu, umemsifu. Na ukimwambia barobaro wa Kongowea kwamba ana hofu ya mashoga, amesikia kaitwa mwoga, na barobaro aliyeitwa mwoga mbele ya wenzake atatafuta njia ya kuonyesha kwamba si mwoga. Tafsiri mbovu za kawaida huishia kuchekesha. Hii yaweza kumuumiza mtu.

Februari 2010, hapo Mtwapa, ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wangeoana. Viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, walikemea kwa sauti moja. Umati ukaingia barabarani, ukakivamia kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kilichokuwa kikitoa huduma za ukimwi, na watu wakapigwa. Ataniambia nani kwamba ule umati ulikuwa na hofu? Aliyesimama mlangoni kwa mtu na rungu mkononi haogopi. Mwenye hofu ni yule aliyejifungia ndani. Lile lilikuwa shambulio, na Kiswahili kina neno shambulio tangu zamani.

Maaskofu wa Anglikana walipokutana katika Mkutano wa Lambeth mwaka 1998 walipitisha azimio lililosema tendo la ushoga haliafikiani na Maandiko, na katika ibara hiyohiyo wakalaani hofu isiyo na msingi kwa watu wenye mwelekeo huo. Waliona kwamba hofu tupu haitoshi, ikabidi waiongezee sifa. Waliona pia kwamba mtu aweza kulikataa tendo na papo hapo akataka mwenzake asionewe. Hayo ni mambo mawili, na yataka maneno mawili.

Lakini hofu ni jambo dogo, mama. Umetaja kaumu Lut, na hapo umegusa kitu kinachonikera kila jioni nikisikiliza habari, nacho ni neno "kulawiti".

Chimbuko lake ni hilohilo: jina la Nabii Lut, kisha liwati ya Kiarabu, kisha kulawiti, mlawiti na ulawiti. Wakristo nao walilipokea. Biblia ya Kiswahili ya 1952, katika Wakorintho wa Kwanza 6:9, imeandika "wala wafiraji, wala walawiti", na kwa kuwa hilo la kwanza ni zito kulitamka mbele ya watu wa heshima, wahubiri wengi hushika la pili. Mpaka hapo sina ugomvi. Neno la fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, na la waraka wa Paulo lina mahali pake pa kukaa.

Ugomvi wangu ni na vyumba vya habari. Chukua sentensi hii, ambayo kila msikilizaji wa redio ameshaisikia kwa sura moja au nyingine: "Mwanamume wa miaka 40 ameshtakiwa kwa kumlawiti mvulana wa miaka 9." Habari inayofuata: "Viongozi wa dini wamelaani ulawiti nchini." Msikilizaji afanye nini? Ataziunganisha, na hana kosa, kwa sababu neno ni moja. Haya, irudie sentensi ile umweke msichana badala ya mvulana. Mhariri yuleyule, kalamu ileile, ataandika "kumnajisi". Kwa nini? Mtoto ni mtoto na jeraha ni jeraha. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, katika kifungu cha 8, haiulizi kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Yauliza umri wake, na akiwa na miaka 11 au pungufu, aliyemtenda hufungwa maisha. Sheria imewakinga watoto wote kwa neno moja. Kiswahili cha habari kimemtoa mvulana humo na kumweka katika mjadala wa ushoga.

Niiangalie tena sentensi ile, maana sijamalizana nayo. "Kumlawiti" hakusemi kwamba palikuwa na nguvu. Hakusemi kwamba mmoja ni mtu mzima na mwingine ni mtoto asiyeweza kuridhia lolote. Kunataja jinsia ya aliyetenda na ya aliyetendwa, basi. Yaani lile lililo jinai kubwa, kwamba mtu mzima amemwingilia mtoto, limeachwa kwenye tarakimu za umri, na kitenzi, ambacho ndicho roho ya sentensi, kimebeba jambo jingine kabisa.

Matokeo yake twayaona mitaani. Baba wa mvulana hufunika habari, kwa kuwa akiripoti majirani hawataulizana nani amemuumiza mtoto, wataulizana mtoto atakuwa nani ukubwani. Mvulana aliyeumizwa na mwalimu, na mjomba au na jirani ananyamaza, kwa sababu neno la kulisemea tendo lile ni neno la kumtia aibu yeye. Huku upande wa pili watu wazima wawili ambao hawajamgusa mtoto wa mtu wanasikika kuwa wawindaji wa watoto. Neno moja limewafunga kamba moja mtoto aliyeumizwa, aliyemuumiza, na watu wasiohusika. Na sijasikia hata siku moja mwanamume aliyemharibu msichana akitajwa kuwa mfano wa ubaya wa wanaume kupenda wanawake.

Mhariri atanijibu kwamba kamusi inamruhusu. Kamusi hueleza neno linavyotumika. Haimwamuru alitumie palipo na jingine lililo sahihi zaidi. Atasema tena kwamba "kunajisi" kumezoeleka kwa wasichana. Basi akuzoeze kwa wote, au aseme "kumbaka mtoto", ambako mimi nakupenda zaidi, maana najisi humbandika uchafu mtoto asiye na kosa lolote. Ninalomkataza ni hilo la kulawiti katika habari ya mtoto, na simlegezei. Anayeumia hapo ni mtoto.

Lipo na neno lingine la jamii hiyo, "kuhalalisha", nitaligusa kidogo. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watetezi wa haki za mashoga wasinyimwe kusajili shirika lao. Mara watu wakatangaza kuwa mahakama "imehalalisha ushoga". Kuhalalisha ni kufanya halali, na jaji wa Nairobi hana mamlaka ya halali na haramu. Wala sheria haikuguswa: kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, chenye kifungo cha hadi miaka 14, kingalipo, na Mahakama Kuu ilikuwa imekithibitisha Mei 2019. Kilichoamuliwa ni usajili. Mtu aliyesema "wameruhusiwa kusajili shirika" alisema kweli, na aliyesema "wamehalalishiwa" aliwatia watu moto kwa neno lisilo lake.

Kuhusu "shoga" nimechoka kupigana. Mama zetu wa Mji wa Kale walilitumia, na wengine wangali wanalitumia, kumwita mwanamke mwenzao wa siri na wa furaha: shoga yangu, shogangu. Sasa msichana akimwita hivyo mwenziwe ndani ya matatu, abiria wageni wa Pwani hugeuza shingo. Maana zote mbili zimo katika kamusi zetu na ya pili imeishinda ya kwanza mbio. Yasikitisha, lakini neno likishahama halirudishwi kwa nguvu. Nawaomba tu wanawake wasiliache lao, na wanaoandika habari wasiandike "mashoga" kwa kejeli pale ambapo "wanaume wanaopenda wanaume" kungeeleza bila kumdunisha mtu.

Sasa imamu wenu. Hotuba sikuisikia, kwa hivyo namrudishia kijana wako swali: alisema nini hasa? Kama alisema tendo la kaumu Lut ni haramu, hayo ni mafundisho ya dini yake. Kijana ana hiari ya kuyakubali au kuyapinga, lakini asiyaite ugonjwa. Kama alisema watu hao wana laana, si watu, wasipewe salamu, hapo pana chuki, na Pwani twasema bughudha. Kama alisema wafukuzwe nyumbani, wapigwe, wachomewe, hapo pana uchochezi, na uchochezi ni uchochezi hata ukitanguliwa na aya. Mwenye nyumba akimtoa mpangaji kwa tetesi tu, huo ni ubaguzi. Polisi wakimvua mtu nguo apimwe kwa lazima, kama walivyofanyiwa wanaume wawili waliokamatwa upande wa Ukunda mwaka 2015, mpaka Mahakama ya Rufaa hapa Mombasa ikaamua Machi 2018 kwamba vipimo vile havikuwa halali kisheria, huo ni udhalilishaji. Kila tendo lina jina lake, na mwenye kulitenda akiitwa kwa jina hilo hapati pa kujificha.

Mumeo naye nimuombe jambo. Asikubali dhambi na jinai zitumike kama neno moja. Papa Fransisko, Januari 2023, aliulizwa juu ya jambo hilo akasema kuwa shoga si jinai, kisha akaeleza kwamba dhambi ni jambo jingine. Muislamu wa Likoni halazimiki kumfuata Papa, lakini tofauti aliyoitaja ipo hata katika Kiswahili chetu: dhambi ni ya mja na Mola wake, jinai ni ya mtu na serikali.

Na "homofobia" lenyewe? Mtu akizungumzia fikra hiyo kwa jumla, darasani au katika mjadala, alitumie hivyohivyo kwa tahajia ya Kiswahili, ngeli ya I-ZI: homofobia hii, homofobia yake. Silipendi, lakini ni afadhali mgeni anayejulikana kuwa mgeni. Likitakiwa la Kiswahili na kilichokusudiwa ni chuki, liwe "kuwachukia mashoga" au "chuki kwa mashoga". Hiyo "hofu ya ushoga" ifutwe popote ilipoandikwa, na kijana wako aanze na daftari lake.