Maswali ya wasomaji: mbwa wa faraja, barua ya kweli na cheti cha kununua

Mdogo wangu alitoka Goma kama mkimbizi, sasa anaishi Kentucky. Usiku hapati usingizi, na akilala anashtuka kana kwamba risasi zinalia. Ana mbwa mdogo. Mbwa akiwa karibu, analala. Mwenye nyumba hataki wanyama. Rafiki yake anamshauri anunue cheti kwenye intaneti, mbwa aandikishwe kuwa mnyama wa faraja. Ni halali? (Mama wa Himbi, Goma)

Mama, asikinunue. Marekani haina daftari la serikali la wanyama wa faraja. Anayeuza usajili, kijaketi cha mbwa au kadi yenye picha yake anauza karatasi na kitambaa tu. Kinachosikitisha ni kwamba haja ya mdogo wako inaonekana ni ya kweli, na cheti hicho kinaweza kumfanya mwenye nyumba amwone mwongo.

Sheria ya huko ya haki katika makazi ni ya 1968, na mwaka 1988 iliongezewa ulinzi wa watu wenye ulemavu, wa mwili au wa akili. Mpangaji mwenye ulemavu anaweza kuomba kanuni ya nyumba ilegezwe. Lazima mambo mawili yawepo: hali inayomzuia kweli katika maisha, kama kulala au kufanya kazi, na uhusiano kati ya hali hiyo na kile mnyama anachompunguzia. Kumpenda mbwa hakutoshi. Kukosa usingizi miezi na miezi baada ya vita ni jambo ambalo madaktari wa akili wanalijua na wanalitibu, basi aanzie kwao. Akifika aombe mkalimani wa Kiswahili. Asimpeleke mtoto wake amtafsirie mambo mazito kama hayo.

Anayemtibu ndiye anayemwandikia barua ya kuthibitisha hayo. Barua nzuri ni fupi. Ina jina la anayemtibu, namba ya leseni na jimbo ilikotolewa, tarehe, maneno kwamba anamhudumia mtu huyu, kwamba ana hali inayomzuia, na mbwa anasaidia nini hasa. Jina la ugonjwa si lazima liandikwe. Aambatanishe barua hiyo na ombi lake mwenyewe la maandishi, akitaja kanuni anayoomba ilegezwe, na abaki na nakala. Mbwa ambaye bado hajaingia nyumbani asiingizwe kabla ya jibu. Aliyekwisha kuingizwa asifichwe, maana kumficha ndiko kunakozua ugomvi.

Maombi huanguka wapi? Mara nyingi ni barua iliyoandikwa na mtu aliyezungumza naye dakika chache kwenye simu. California, tangu 2022, inataka mtaalamu awe amemhudumia mtu kwa siku 30 kabla ya kuandika barua ya mbwa wa faraja. Mbwa anayeng'ata watu pia anaweza kukataliwa. Na jengo lenye nyumba zisizozidi nne, ambamo mwenye nyumba mwenyewe anaishi, kwa kawaida halibanwi na sheria hiyo ya taifa. Hapo atazame sheria za jimbo. Hata akikubaliwa, mlango uliotafunwa ataulipia.

Jambo moja asilichanganye: barua hiyo ni ya nyumba. Haimfungulii mbwa duka wala mgahawa. Huko wanaingia mbwa waliofundishwa kazi maalumu kwa ajili ya mlemavu, kama kumwongoza kipofu.

Nasafiri toka Lubumbashi kwenda kwa wanangu Texas. Nimeambiwa nikimvika mbwa kijaketi cha faraja atakaa nami ndani ya ndege bila malipo. (Papa wa Kampemba)

Papa, mlango huo ulifungwa tarehe 11 Januari 2021. Tangu siku hiyo kampuni za ndege zinazokwenda Marekani hazilazimiki kumpokea mnyama wa faraja kama mbwa wa mlemavu. Zinaweza kumhesabu kama mnyama mwingine yeyote, na kulipisha. Ukijaza fomu kwamba amefundishwa kazi na hakufundishwa, umetoa uongo kwa serikali ya Marekani, na hilo ni kosa la jinai. Mbwa asiyefundishwa akimrukia mbwa wa kipofu ndani ya ndege, mbwa huyo aliyerukiwa anaweza kuwa mwoga hata asiweze kazi tena. Hasara hiyo inamwangukia mtu ambaye hakukukosea lolote.

Shughuli yako kubwa ni kichaa cha mbwa. Kongo iko katika orodha ya Marekani ya nchi zenye hatari kubwa, na kuwa wa faraja hakumpi mbwa msamaha. Awe na miezi 6 angalau. Fuata mpangilio huu: kwanza daktari wa mifugo amwekee chipu chini ya ngozi, kisha chanjo. Wengi wanapoteza miezi hapa, kwa sababu chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Siku 30 au zaidi baada ya chanjo ya kwanza, damu ichukuliwe na kupelekwa maabara inayokubaliwa na Marekani. Kipimo cha kinga katika damu kifike uniti 0.5 (IU) kwa mililita. Kuanzia siku damu ilipochukuliwa hadi kuingia zipite siku 28. Bila kipimo hicho, mbwa atafungiwa siku 28 kwa gharama yako. Fomu ya chanjo na chipu isainiwe pia na daktari wa mifugo wa serikali. Halafu uweke nafasi katika kituo cha wanyama kilichoidhinishwa, na ushukie uwanja wa ndege wenye kituo hicho. Usinunue tiketi kabla majibu ya damu hayajarudi.

Mpangaji ameniletea karatasi ya Marekani kwamba mbwa wake ni wa faraja. Nalazimika kumpokea? (Mwenye parsele, Ibanda, Bukavu)

Karatasi hiyo haikufungi hapa Bukavu. Lakini msikilize, huenda shida ni ya kweli. Ukimkubali, dai kitabu cha chanjo ya kichaa cha mbwa chenye tarehe na muhuri, na muandike katika kontra nani anasafisha kinyesi, mbwa anafungwa wapi usiku, na uharibifu utakatwa kwenye garanti. Waambie wapangaji wote: akimng'ata mtu, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha waende hospitali siku hiyo hiyo kutafuta chanjo, hata kama kitabu cha mbwa ni kizima.