Muulize Fundi: Binda Inashika Juu, Chini Inaacha

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi nashona aproni na mikoba, juzijuzi nimehamia kwenye cherehani ya kiwandani ya sindano moja na nikanunua binda, kile kifaa cha kukunja na kuzungushia utepe pembeni. Nimeifunga mwenyewe kwa skrubu zake mbili. Juu mshono unatoka safi kabisa ila nikigeuza chini nakuta utepe sehemu umeshikwa sehemu umeachwa, na nikifika kwenye mviringo ndo balaa, utepe unavimba na kujikunyata. Nimezungusha tensheni, yaani mkazo wa uzi, mpaka vidole vimechoka. Nimeuziwa binda mbovu au mimi ndo sijui? – Dada wa Aproni

JIBU: Dada pole, na hiyo tensheni iache kwanza, haina kosa. Tensheni inaamua uzi wa juu na wa bobini vikutane wapi, haiwezi kuusogeza utepe uje chini ya sindano. Wewe tatizo lako ni sindano inatua mahali ambapo utepe wa chini haujafika, na hilo mara nyingi linaletwa na vitu viwili, upana wa utepe na mahali binda ilipokaa. Anza na utepe. Watu wengi wanaanza na skrubu, wanahangaika siku nzima kumbe utepe wenyewe haulingani na binda.

Chukua rula upime mdomo wa kuingilia, pale utepe unapoingia ukiwa bado bapa. Binda inayokunja pande zote mbili kwenda ndani inakula utepe wenye upana kama mara nne ya ule unaoonekana ukimaliza, yaani ukitaka pembeni ionekane milimita 10 utepe uwe 40, ukitaka 8 uwe 32. Halafu kuna unene wa kitu unachozungushia, huo nao unakula. Tuseme mkoba wako pembeni una unene wa milimita 4, kwenye utepe wa 40 toa 4 zinabaki 36, gawa kwa nne unapata 9, hiyo milimita moja iliyopotea kila upande ndo hiyohiyo sindano inaikosa chini. Ndo maana aproni inaweza kutoka vizuri na mkoba ukakataa kwenye binda ileile! Na utepe uliokatwa mshazari ukivutwa unasinyaa upana, kwa hiyo mimi wa mshazari huwa naongeza milimita 1 au 2 wakati wa kukata, ila usizidishe, ukiwa mpana kupita kiasi kingo zinajirundika mle ndani ya binda na utepe unaanza kukwamakwama.

Utepe ukishakuwa sawa ndo uje kwenye mashine. Zima mota, na kama yako ni ile mota ya klachi subiri iishe kuzunguka kabisa maana hata ukizima inaendelea kwa muda, ukigusa pedali bahati mbaya sindano inashuka. Sasa angalia umbali kati ya ncha ya binda na sindano. Hapa ndo penyewe. Utepe ukitoka kwenye binda unataka kufunguka, ni kitambaa, hakuna kinachoushikilia, kwa hiyo kila milimita unayouacha hewani kabla ya sindano ni nafasi ya mkunjo wa chini kuteleza. Ncha inatakiwa isogee karibu na sindano kadiri inavyowezekana bila kugusa sindano wala mguu unaokandamiza kitambaa wala meno yanayokivuta kwa chini. Kama umeacha mguu wa kawaida ule mpana na kibati cha kawaida cha chini ya sindano, binda haitafika, itazuiwa na kidole cha kulia cha mguu. Kuna seti ya kazi hii, mguu mwembamba uliopunguzwa upande wa binda pamoja na kibati na meno yaliyokatwa mbele ili ncha ipate pa kuingia. Kwa maoni yangu binda nzuri bila hiyo seti ni nusu ya kazi. Siku ukinunua ulizia vyote pamoja na utaje mashine yako ni ya aina gani, maana meno ya mashine moja hayakai kwenye nyingine.

Kulia na kushoto: binda iko kulia kwa sindano, upande wa wazi wa mkunjo wa utepe unaangalia kushoto. Ukiisogeza binda kushoto mshono unaingia ndani zaidi ya utepe, ukiisogeza kulia mshono unakaribia ukingo mpaka unaukosa. Mshono mzuri unakaa milimita 1 hadi 2 kutoka ukingo wa utepe. Wewe juu unashika chini unaacha, basi legeza skrubu kidogo tu, sio uzitoe, isukume binda kushoto kama unene wa kucha, kaza, jaribu. Usisukume sentimita nzima kwa hasira.

Kabla hujawasha zungusha gurudumu kwa mkono raundi mbili tatu, uone sindano inashuka na kupanda bila kugusa chuma. Mimi hili nililidharau siku moja nikiwa na haraka ya mteja, nikakanyaga pedali, sindano ikapiga ncha ya binda ikakatika na kipande kikaruka hadi kwenye miwani. Ningekuwa sina miwani leo ningekuwa nahadithia mengine.

Kulisha utepe sasa. Kata ncha ya utepe mshazari iwe kama mkuki, ingiza mdomoni, isukume kwa sindano ya mkono au uikamate kwa kibanio upande wa pili uivute mpaka chini ya mguu. Shona sentimita 4 au 5 za utepe mtupu kwanza, ukiona umekunjika sawa juu na chini ndo uingize kitambaa, na ukiingize mpaka kigonge mwisho wa mkunjo, mkono wa kulia ukisindikiza kwenda kulia muda wote. Kitambaa kikirudi nyuma hata kidogo utepe wa chini unabaki peke yake na utailaumu binda bure.

Kujaribu nina njia yangu. Nashona kipande cha kama sentimita 30 kwa utepe wa rangi tofauti na kitambaa, halafu nakikata katikati kwa mkasi kuvuka mshono, naangalia pale kwenye mkato. Ukiangalia kwa karibu unaona utepe umekumbatia kitambaa kama herufi U iliyolala, kila ncha imejikunja ndani, na vitundu vya uzi vinapita kwenye ncha zote mbili. Ukiona ncha ya chini ni fupi kuliko ya juu basi ama utepe haukuingia katikati ya mdomo ama binda imeinama upande mmoja. Mkato mmoja wa hivyo unakuonyesha kuliko kugeuzageuza mkoba nusu saa.

Ule mviringo unaovimba nakuuliza kwanza, utepe umeukata mshazari au umeufuatisha nyuzi za kitambaa? Kama umefuatisha nyuzi hautazunguka vizuri hata ungekuwa na binda ya dhahabu, kata mshazari wa digrii 45. Pili angalia binda yenyewe, zipo ambazo utepe unaingia kwa mbele ukienda moja kwa moja, hizo ni za kingo zilizonyooka, na zipo ambazo utepe unaingia kutoka ubavuni kwa pembe ya digrii 90, hizo ncha yake ni fupi na ndo za mviringo. Tatu ni roli la utepe. Roli likining'inia na kushtukashtuka kila likizunguka, utepe unavutwa kwa mapigo, pakivutwa panasinyaa, pakilegea panavimba. Liweke lizunguke lenyewe bila breki.

SWALI: Fundi, natengeneza utepe wangu mwenyewe kwa kuunganisha vipande, kila ungio likifika kwenye binda linakwama, nimevunja sindano tatu wiki hii.

JIBU: Bila shaka unaunganisha kwa mshono uliokatisha moja kwa moja, unene wote unafika kwenye mkunjo kwa mpigo mmoja. Unganisha kwa mshazari, mshono ufunguliwe upigwe pasi, ncha zinazochungulia zikatwe. Hapo unene unaingia taratibu, kama mtu anayepita mlangoni kwa ubavu. Likikaribia punguza mwendo, ukibidi zungusha kwa mkono. Na kwa sindano, kwenye vitambaa vya kawaida namba 90 au 100 inatosha, turubai na mikoba nenda 110.

SWALI: Kona za mraba je, nazipitisha vipi na binda? Zangu zinatoka kama masikio ya mbuzi.

JIBU: Ukweli ni kwamba binda haipendi kona kali. Mimi nikiruhusiwa na mteja naizungusha kona kwa kuchora na kikombe, nakata, inapita kwa mwendo mmoja. Akikataa, shona mpaka utoke kabisa mwishoni mwa upande, vuta utepe kidogo mbele, ukunje kona kwa mkono ikae mshazari juu na chini, ishike kwa kibanio, rudisha upande wa pili ndani ya binda uendelee. Inakula muda. Njia nyingine ni kushona pande mbili zinazotazamana kwanza, kisha zile nyingine mbili ncha ukizikunja ndani, kwa kazi kama vishikio vya sufuria inatosha kabisa.

SWALI: Nazungushia vitu vinene, tabaka la juu linasukumwa mbele na utepe unapinda kama kamba. Nimeongeza uzito wa mguu hakuna kilichobadilika.

JIBU: Umeongeza tatizo, ndugu yangu. Mashine yako inavuta kwa meno ya chini tu, mguu ukikandamiza zaidi ndo unazidi kulizuia tabaka la juu wakati la chini linatembea. Legeza mguu mpaka pale ambapo kazi bado inasogea bila kuteleza, na urefushe stichi hadi milimita 3 au 3.5. Ukiona bado, na kazi hiyo ndo ya kila siku, tafuta mashine ya mguu unaotembea, ile ambayo mguu wa ndani na sindano vinasogea pamoja na kazi, juu na chini vinaenda sawa. Binda zake ni tofauti kwa sababu mguu unapanda na kushuka, kwa hiyo hii uliyonayo usijaribu kuihamishia kule.