Ndege Anapozubaa Tunduni: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Tangu jana kasuku wangu mdogo amejikunyata, manyoya yamemtutumka na anasinzia mchana. Ila nikimsogelea anachangamka na kwenda kudonoa mbegu. Anaumwa au ni usingizi tu?

Jibu: Mhesabu kuwa mgonjwa, na aonwe na daktari leo hii. Porini ndege anayeonyesha unyonge ndiye wa kwanza kukamatwa, kwa hiyo hata aliyeanguliwa tunduni hujikaza akiona mtu. Mtazame kwa mbali, mahali asipokuona, kwa robo saa hivi. Ndege mzima akisinzia mara nyingi hukunja mguu mmoja ndani ya manyoya. Mgonjwa hung'ang'ania kijiti kwa miguu yote miwili, au huteremka na kukaa sakafuni. Mkia ukipanda na kushuka kila anapopumua, au akihema mdomo wazi ilhali hajaruka wala hakuna joto, hiyo ni dharura.

Huko kudonoa kusikudanganye. Mgonjwa huweza kumenya mbegu akaiangusha bila kuimeza, na maganda yakifunika kikombe utadhani chakula kimejaa. Yapulize uone kilichobaki. Kisha papasa kidari. Kwa ndege mwenye afya, nyama hujaa pande zote mbili za mfupa wa katikati. Mfupa ukichomoza kama makali ya kisu, amekonda kwa siku nyingi, si tangu jana. Usimbane kifuani, maana ndege hupumua kwa kupanua kidari. Na anayehema usimshike kabisa.

Unapojiandaa kumpeleka, mpe joto. Mwili wa ndege hukaa kwenye nyuzi 40 hadi 42 za Selsiasi, na asiyekula hana cha kuchochea moto huo. Funika pande tatu za tundu kwa kitambaa, weka upande mmoja tu chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, na kipimajoto karibu na kijiti: nyuzi 29 hadi 32 zinatosha. Tunasisitiza upande mmoja ili akizidiwa aweze kujisogeza. Akitanua mabawa na kuachama, punguza. Teremsha vijiti, sogeza chakula na maji karibu naye. Tafadhali usimmiminie maji mdomoni: njia ya hewa inafunguka nyuma tu ya ulimi, na maji yakiingia mapafuni yatamuua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Swali: Kinyesi cha kasuku wangu ni cha kijani. Niwe na wasiwasi?

Jibu: Kijani peke yake si hoja, ndege wengi wanaokula mbegu hutoa kinyesi cha kijani au kahawia. Tandika karatasi nyeupe kila asubuhi, kisha angalia sehemu tatu: kinyesi chenyewe kilichojiviringa, uji mweupe unaotoka kwenye figo, na mkojo usio na rangi. Chunguza zaidi ule weupe. Ukigeuka manjano au kijani, ini lina shida. Mkojo ukizidi huku kinyesi kimejiviringa vizuri, huenda ni matunda aliyokula. Yaondoe, na mkojo ukiendelea kuwa mwingi hadi kesho yake, kuna jambo. Kinyesi kidogo, cheusi kinachoelekea kijani, chenye kunata, mara nyingi ni cha ndege asiyekula. Ukiona damu au mbegu nzima nzima, usisubiri. Mpelekee daktari karatasi yenyewe.

Swali: Nina antibiotiki iliyobaki ya kuku. Nimtilie kwenye maji?

Jibu: Hapana. Ndege mgonjwa hunywa kidogo, na dawa ikibadili ladha ya maji atakunywa kidogo zaidi, hivyo kipimo hakifiki. Bakteria hawafi, wanazoea dawa, na daktari akichukua sampuli baadaye anaweza asiwaone. Tena huenda si bakteria. Gamba la kijivu lenye vitobo vidogo kwenye mdomo wa kasuku mdogo ni kazi ya utitiri, madoa meupe ndani ya mdomo yanaweza kuwa upungufu wa vitamini A kwa ndege anayelishwa mbegu tupu, na antibiotiki haigusi chochote kati ya hivyo.

Swali: Jike langu limekaa sakafuni, linajikamua, tumbo limevimba.

Jibu: Huenda yai limekwama. Hapa tunahesabu saa, si siku. Usilikamue, maana likipasuka ndani vipande vitamjeruhi. Mpe joto lilelile tulilolieleza, na uweke nje ya tundu bakuli la maji ya moto ili hewa iwe na unyevu, kisha mkimbize kwa daktari, ambaye kwa kawaida huanza na kalsiamu. Upungufu wa kalsiamu ndio chanzo kikubwa, hasa kwa anayetaga mfululizo. Akipona, awe na mfupa wa ngisi tunduni na apate jua la moja kwa moja, penye kivuli cha kukimbilia. Jua la nyuma ya kioo halimpi vitamini D.

Swali: Nimemkata ukucha ukatoa damu. Ni hatari?

Jibu: Bonyeza unga mkavu wa ngano kwenye jeraha kwa dakika mbili. Damu ya ndege ni takriban asilimia 10 ya uzito wake: mwenye gramu 35 ana mililita 3.5 tu, na matone saba ni kama sehemu ya kumi ya damu yote. Isipokatika, nenda kwa daktari.

Swali: Kuna namna ya kujua mapema kabla hajazubaa?

Jibu: Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mpime kila wiki, asubuhi kabla hajala, akiwa amesimama kwenye kijiti au ndani ya kikopo ulichokwisha kukipima. Andika. Akipungua asilimia 10, yaani gramu 9 kwa ndege wa gramu 90, mpeleke hata kama anaimba. Hakuna kifaa cha bei ndogo kinachookoa ndege wengi kuliko hiki.

Swali: Nimeleta kasuku mpya, anatokwa kamasi na macho yamevimba. Nami nimeshikwa na homa na kikohozi kikavu. Yanahusiana?

Jibu: Yanaweza kuhusiana. Bakteria *Chlamydia psittaci* hutoka kwa ndege kwenda kwa binadamu kupitia vumbi la kinyesi na manyoya. Nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba unafuga kasuku, kwa sababu bila hilo atadhani ni mafua au nimonia ya kawaida. Nyumbani vaa barakoa, lowesha kinyesi kabla ya kukifuta, usifagie kikavu. Ndege mpya akae chumba cha peke yake siku 30 angalau, na umhudumie mwisho, baada ya wengine. Ikithibitika, ndege hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 45, na dozi haikatizwi hata akichangamka wiki ya kwanza.